Ubao Tuliojifunza Kuuruka



Wengi wenu mliofika hapa nyumbani kwetu Kilwa Masoko siku za karibuni mmeiona baraza mpya iliyo upande wa bahari, na mmetupongeza. Wengine mmevua viatu kabla ya kuikanyaga, kama mtu aingiaye sebuleni kwa watu. Pongezi hizo tumezipokea kwa shukrani, lakini pia kwa aibu, na tumeona ni haki tuwaeleze aibu hiyo inatoka wapi. Baraza hii ina historia yake, na historia hiyo haitupambi sisi tuliokabidhiwa nyumba hii tuitunze.

Nyumba ya mapadre, kama mjuavyo, imejengwa kwenye mteremko. Mapadre waliotutangulia waliweka upande wa chini sakafu ya mbao juu ya nguzo, kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, ili watu wapate mahali pa kukaa na kupunga upepo wa kusi. Sisi tuliikuta. Kwa miaka yetu yote hapa, shughuli za parokia zimefanyika pale zaidi kuliko ofisini. Wachumba wamekuja pale kuandikisha ndoa. Wafiwa wamekuja pale kabla hata kaburi halijachimbwa. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, wamekaa nasi pale kunywa kahawa na kupeana mikono ya sikukuu. Kwetu sisi wa pwani baraza ni nusu ya nyumba, na mtu akikaribishwa barazani amekwisha karibishwa.

Mwaka 2021 ubao wa tatu kutoka mlangoni ulianza kulalamika. Kwanza ulitoa mlio tu. Baada ya vuli ukawa unabonyea chini ya kisigino, kama mkate uliolowa. Basi, tukajifunza kuuruka. Mpishi aliuruka akiwa na sinia la chai mkononi na hakumwaga tone. Mlinzi aliuruka usiku bila tochi. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza waliugeuza mchezo. Mafrateri waliokuja kwetu kwa mazoezi ya kichungaji walikuwa wanauruka kabla juma lao la kwanza halijaisha. Hakuna aliyetoa tangazo, wala hakuna aliyefundishwa. Tulitazamana miguu, tukaigana.

Na fedha ya kuutengeneza tulikuwa nayo. Hili ndilo tunaloliandika kwa shida. Mwaka 2022 jumuiya zetu ndogondogo zilichanga kwa ajili ya baraza hiyo. Fedha haikuwa nyingi, ila ingetosha kuondoa mbao zilizokuwa mbovu wakati ule. Noeli ikakaribia, vipaza sauti vya kanisani vikawa vinakoroma, nasi tukaamua kwamba baraza inaweza kungoja. Tulinunua vipaza sauti. Kilichobaki tukanunulia rangi ya mafuta, ya kahawia, tukaipaka baraza nzima mikono miwili. Siku ya Noeli ilikuwa inang'aa. Waliochanga waliiona inang'aa wakaamini kwamba mchango wao umefanya kazi, na sisi hatukuwasahihisha. Kwa kinywa hatukusema uongo. Tuliiachia rangi iuseme.

Ndugu wapendwa, tumejifunza baadaye jinsi mti unavyooza, na tungependa nanyi mjue, maana wengi mna nyumba. Ubao hauozi kwa sababu ya uzee. Unaozeshwa na kuvu, kitu kilicho hai kinachokula nyuzi za mti, na kuvu haiishi bila maji. Ubao ambao unyevu wake haufikii asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi, hata ukae miaka mingi. Ndiyo maana mbao za kenchi zilizo chini ya bati lisilovuja hudumu kuliko watu waliozipigilia. Unaooza ni ule unaolowa na kukosa nafasi ya kukauka. Huanzia kwenye ncha zilizokatwa, ambapo mti hunywa maji kama mrija. Huanzia kwenye tundu la msumari. Huanzia pale ubao unapolalia boriti, mahali upepo usipopita. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ubao uliokwisha kulowa haiyafukuzi maji, bali huyafungia ndani. Tulidhani tunauvika ubao wetu koti la mvua, kumbe tuliulaza kwenye shuka mbichi.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mnaikumbuka mvua ile, na jinsi barabara ya kwenda Dar es Salaam ilivyokatika huku wilayani kwetu, abiria wakalala njiani. Baraza haikuanguka, nasi tukamshukuru Mungu kwamba haikuanguka. Hatukuinama kutazama chini yake.

Dominika moja ya Juni, baada ya Misa, alikuja katekista mstaafu wa kigango kimoja cha mbali, mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyewafundisha dini wazazi wa wengi wenu. Alikuwa safarini tangu alfajiri, akituletea orodha ya vijana wa Kipaimara. Sisi tulikuwa tumekaa upande wa pili wa baraza. Alipiga hodi, nasi tukamjibu karibu. Neno la mwisho tulilomwambia kabla hajaanguka lilikuwa hilo: karibu.

Hakujua kuruka. Angejulia wapi? Mguu wake wa kulia ulizama hadi gotini, na mwili ukaenda mbele huku mguu umeshikwa. Tulisikia milio miwili, na wa kwanza tu ndio uliokuwa wa ubao. Muundi ulivunjika. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa, akafungwa plasta kwa majuma mengi. Leo anatembea kwa mkongojo.

Jioni ile tulikwenda wodini tukampa pole nyingi. Alitujibu kama ilivyo desturi, "Nimeshapoa, Baba." Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Baba, wale watoto walipita pale mbele yangu wakikimbia, na hawakuanguka. Walipitaje?"

Tukamweleza kwamba watoto wanaujua ubao ule, na huuruka.

Mzee alinyamaza. "Kumbe mlikuwa mnaujua," akasema. Hakuongeza neno, wala hakukunja uso. Akatuuliza kama ile orodha ya Kipaimara imepatikana, maana ilimponyoka mkononi.

Tulirudi nyumbani tukafungua Maandiko, si kwa ajili ya mahubiri. Katika Kumbukumbu la Torati kuna agizo fupi (Kumb 22:8): mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Tuliusoma mstari huo tukiwa vijana seminarini, tukauhesabu kuwa kanuni ya mafundi wa zamani, tukapita. Usiku ule haukupitika. Torati haimwulizi mwenye nyumba kama alikusudia mtu aanguke. Inamwuliza kama aliweka ukingo.

Habari za ajali zilienea, na muumini mmoja afanyaye kazi ya ukandarasi Dar es Salaam akatupatia mbao zilizobaki katika kazi yake, za aina ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Ni mbao za mchanganyiko. Huchukuliwa unga wa mbao, yaani mabaki ya kupasua na kuranda, ukachanganywa na plastiki, mara nyingi ile ya mifuko na chupa zilizotupwa. Vyote hupashwa moto pamoja, vikasukumwa katika tundu lenye umbo la ubao. Kwa kuwa kila chembe ya mti imefunikwa na plastiki, maji hayaifikii kwa urahisi, na mchwa hawaipendi. Huko Marekani zimeuzwa kwa ajili ya baraza za namna hii tangu miaka ya 1990. Wala wazo la kutumia taka za plastiki badala ya mti si la ng'ambo peke yake. Majirani zetu wa Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, walizindua mwaka 2018 jahazi liitwalo FlipFlopi. Waliliunda kwa plastiki tupu, tani 10 hivi za taka zilizookotwa, wakalivika ndala 30,000 zilizotupwa fukweni. Mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi.

Tulifurahi kuliko ilivyotupasa. Tuliambiwa mbao hizi hazihitaji kupakwa rangi. Mtu aliyeuficha uozo kwa rangi angependa kusikia nini zaidi ya hapo? Ziara ya Kipaimara ilikuwa imekaribia. Tukapiga hesabu kwamba kwa siku tatu mbao kuukuu zitang'olewa, mpya zitafungwa, na Askofu atakuta baraza.

Tulimwita fundi mmoja mzee wa Kilwa Kisiwani, Mwislamu mcha Mungu, ambaye ameunda na kutia kalafati mashua nyingi za bandari hii. Tukamwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, Padre. Poleni na mgonjwa." Tukamwonyesha mbao mpya tukamweleza kazi. Tukaongeza kwamba boriti za chini ni nzima, tumezitazama.

Mzee hakujibu. Alilala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono chini ya baraza, akaichoma boriti kwa bisibisi. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

"Padre," akasema, "hapa sipigilii."

Tukamweleza kwamba mbao hizi haziozi.

"Sikusema zitaoza. Hizi hazitaoza. Boriti ndizo zitakazoendelea kuoza chini yake, nawe Padre hutaona, kwa sababu juu patakuwa pazuri siku zote. Ubao wa zamani ulikuambia. Huu hautakuambia."

Kisha akapima nafasi kati ya boriti na boriti, akapata sentimita 60. Tukamsomea karatasi iliyokuja na mbao zile: boriti zisiachane zaidi ya sentimita 40, kwa sababu mbao za mchanganyiko hazina ukakamavu wa mti wenyewe. Hujipinda katikati zisipokuwa na pa kulalia, na hazifai kabisa kutumiwa kama boriti. Kwa hiyo hata kama boriti zetu zingekuwa nzima, hazingetosha. Ubao mpya ulikuwa unadai chini yake matengenezo makubwa kuliko ule wa zamani.

Tungependa kuwaambia kwamba tulilipokea neno la fundi kwa unyenyekevu. La hasha. Tulikaa na hasira siku mbili. Tulijua wapo mafundi wengine ambao wangepigilia jioni ileile. Fedha hatukuwa nayo, na sababu ya kutokuwa nayo tuliijua sisi na mhasibu wa parokia.

Siku ya tatu mzee yule alirudi, akatuambia, "Padre, tuvuke." Tukapanda mashua tukavuka mlango ule wa bahari hadi Kisiwani. Tumepeleka wageni wengi katika magofu yale, na tulidhani tunayajua. Alituingiza katika nyumba mojawapo isiyo na dari, akatuonyesha ukutani, juu kidogo ya kichwa, safu ya matundu yaliyopangwa sawasawa. Ndimo zilimokaa boriti za mikoko. Nyumba za mawe za Kilwa ya kale zilifunikwa kwa dari bapa ya mawe na chokaa, nzito mno, iliyolazwa juu ya boriti hizo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vile ni virefu na vyembamba, visivyozidi mita 3 hivi kwa upana. Boriti zilipooza, dari ya mawe ilishuka. Katika Msikiti Mkuu, sehemu iliyojengwa kwa matao na makuba, bila kutegemea mti, bado ina paa lake.

"Jiwe halikuoza," alisema fundi. "Lakini lilikuwa limelalia mti."

Ibn Battuta alifika kisiwani pale mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliyejenga Husuni Kubwa, akausifu uzuri wa mji. Hata mji uliosifiwa hivyo ulikuwa na boriti zake gizani. Tulikumbuka pia kwamba magofu hayo, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wapo walioona orodha hiyo kuwa fedheha. Lakini yaliyokiriwa kuwa hatarini yalipata mafundi na chokaa, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo.

Jioni tulifungua Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuanzia aya ya 33. Tulikisoma kana kwamba hatujawahi kukisoma. Pale inasimuliwa habari ya nyumba iliyoingiwa na ukoma ukutani, madoa ya kijani na mekundu yanayoonekana kuzama ndani. Mwenye nyumba humwendea kuhani na kumwambia anachodhani amekiona. Kuhani huamuru vyombo vyote vitolewe kwanza, kisha huingia kutazama, na huifunga nyumba siku saba. Ugonjwa ukiwa umeenea, mawe yenye madoa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, udongo wa ndani hukwanguliwa pande zote, mawe mengine huwekwa, na nyumba hupigwa lipu upya. Ugonjwa ukirudi baada ya hayo, nyumba hubomolewa.

Tuliona mambo mawili. La kwanza, mawe mapya na lipu mpya huja baada ya kung'oa na kukwangua, na kamwe hayaji kabla. La pili lilituuma zaidi. Kazi ya kuitazama nyumba na kutamka kwamba ni gonjwa ilikuwa kazi ya kuhani. Mwenye nyumba alitakiwa tu aseme, "Naona kama kuna kitu." Kwetu mambo yalikuwa yamepinduka. Kuhani ndiye aliyeshika brashi.

Dominika iliyofuata, baada ya matangazo, tuliwaeleza waamini habari yote: kiasi kilichochangwa mwaka 2022, bei ya vipaza sauti, bei ya rangi, na kwamba tuliwaacha waamini uongo wa rangi. Tukasema mguu wa mzee wetu ulivunjwa na ubao ambao sisi tuliujua kwa miaka mitatu. Kanisa lilikuwa kimya. Tulitarajia manung'uniko nje, na tulistahili.

Baada ya Misa mama mmoja wa WAWATA alitufuata sakristia. "Baba," akasema, "tulijua. Vipaza sauti tuliviona, na rangi tuliiona. Tulikuwa tunangoja useme." Tukamwuliza kwa nini hakuna aliyetuuliza. Akatazama chini. "Tulikuheshimu, Baba."

Ndugu wapendwa, tumelifikiria jibu hilo kuliko maneno yote ya mwaka ule. Maana yake ni kwamba nyumbani kwetu tulikuwa tunauruka ubao, na parokia nzima ilikuwa inaturuka sisi. Walijua mahali pasipokanyagika, wakapita kando kwa adabu. Heshima ya namna hiyo ni nzito kwa anayeitoa na ni hatari kwa anayeipokea, kwa kuwa atakayezama ni mgeni, mtu asiyejua. Padre asiyeulizwa juu ya fedha leo atamfundisha nini mhasibu kijana atakayekuja kesho? Wenyeji wa kosa hulizoea wakalikwepa, na anayelipia ni yule aliyekaribishwa.

Baraza ilifunuliwa yote. Kati ya boriti 11 zilizokuwepo, saba zilikuwa zimeoza kwa ndani, na mbili kati ya hizo zilikuwa ganda tupu lenye rangi ya kahawia nje. Jumuiya zilichanga upya, na safari hii fedha ilishikwa na watu watatu waliochaguliwa na Halmashauri ya Walei, sisi tukiwa si mmojawapo. Boriti mpya tulizipata za mkongo, mti mgumu usiosumbuliwa sana na mchwa wala kuvu, zenye kibali, kutoka msitu wa kijiji humu wilayani. Ni fahari ya Kilwa, na si wote wanaojua, kwamba mwaka 2009 misitu ya vijiji vya wilaya yetu ilipata cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Ncha zote za boriti zilipakwa dawa kabla hazijafungwa. Nguzo ziliinuliwa juu ya zege, zisiguse udongo. Boriti ziliwekwa kila sentimita 40.

Ndipo mbao za mchanganyiko zikafungwa. Fundi alishangazwa na tabia yake moja. Mti hutanuka kwa mapana ukinywa maji, lakini mbao hizi hurefuka kwa joto la jua. Kwa hiyo aliacha mwanya kwenye kila ncha na kati ya ubao na ubao, maji yapite na upepo uzunguke. Kazi ilichukua majuma matano badala ya siku tatu. Askofu alipokuja alikuta baraza wazi, boriti zikionekana kama mbavu, akapitia mlango wa jikoni. Alicheka, akabariki mbavu.

Tusiwadanganye kwamba baraza mpya haina kasoro. Saa sita mchana inachoma nyayo kuliko mti ulivyokuwa, na watoto wameacha kuikimbilia peku. Nyanya zake hujaa majani na mchanga, na zisipofagiliwa maji yatakaa. Haina harufu ya mti baada ya mvua, nasi tunaikosa harufu hiyo.

Lakini fundi alitufanyia jambo moja ambalo hatukumwomba. Ubao wa tatu kutoka mlangoni hakuufunga moja kwa moja. Aliuwekea skrubu nne zinazofunguka kwa dakika chache. Akatuagiza tuufungue mara mbili kila mwaka, kabla ya masika na baada ya masika, tuingize taa chini na bisibisi, tuzichome boriti moja moja. "Hizi za juu zitakudanganya," alisema. "Kwa hiyo pawe na mahali pa kuchungulia." Tumeuweka ukaguzi huo katika kalenda ya parokia, na anayekagua ni mjumbe wa Halmashauri, si padre peke yake. Siku hiyohiyo, barazani hapohapo, daftari la fedha husomwa kwa yeyote atakayekuja.

Katekista wetu alikuja baraza ilipokamilika. Alisimama mlangoni akapiga hodi kama siku ile, na sisi tulishindwa kumjibu karibu tukiwa tumekaa. Tuliondoka kitini, tukatembea hadi kwenye ubao wa tatu, tukasimama juu yake kwa miguu yote miwili, ndipo tukamwambia karibu. Aliutangulizia mkongojo, akaugonga mara mbili, akasikiliza. Kisha akaukanyaga.

"Umeshika, Baba," akasema. Akaketi, akaomba maji, akatoa mfukoni orodha ya Kipaimara ya mwaka unaofuata.

Wapendwa, kila nyumba ina ubao wake wa tatu. Kuna familia ambazo jina fulani halitajwi mezani, na watoto wamejifunza kuliruka. Kuna jumuiya ambazo kila mtu anajua ni nani asiyepewa fedha ashike, na hakuna amwambiaye. Kuna ndoa zilizopakwa rangi mikono miwili kwa ajili ya sikukuu. Juma hili tunawaomba jambo dogo tu. Mtu asijiulize kwanza kama nyumba yake inapendeza. Ajiulize mguu wake umejifunza kuruka wapi, na ni mgeni gani yuko njiani bila kujua.

Tunawatakieni nyote Dominika njema. Mkifika Kilwa Masoko, baraza ipo, na kahawa ipo. Piteni katikati.